Muda wa masomo kwa watoto wanaosomeshwa nyumbani
Je, mtoto anayesomeshwa nyumbani husoma saa saba kwa siku kama shuleni? Hapana, hazifiki. Kwa kawaida mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu husoma mezani kwa muda wa saa moja au mbili, wa madarasa ya kati saa mbili hadi tatu na nusu, na wa sekondari saa nne au tano. Ninawasomesha wanangu wawili nyumbani hapa Missouri, Marekani, na yule mdogo humaliza hesabu na kusoma kabla birika la chai halijapoa, kwa sababu hakuna kuitwa majina, kupanga foleni wala kusubiri wenzake ishirini na tano wafungue madaftari.

Sheria ni jambo jingine. Missouri inataka saa 1,000 kwa mwaka, na angalau 600 kati ya hizo ziwe za kusoma, lugha, hesabu, maarifa ya jamii na sayansi. Ukizigawa hizo 600 kwa siku 180 za masomo unapata saa tatu na dakika ishirini kwa siku. Zilizobaki sisi huzijaza kwa mapishi, muziki na bustani, nami huziandika daftarini jioni ileile, maana kuzikumbuka za wiki nzima siku ya Ijumaa ni kazi kwelikweli. Texas haijaweka idadi ya saa, ilhali Pennsylvania inataka siku 180, au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari, kwa hiyo angalia kwanza sheria ya jimbo lako.