Fundi Anajibu: Gesi ya Chumba cha Baridi Inakwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la samaki hapa Tanga, lenye chumba cha baridi na friza mbili. Kila baada ya miezi michache chumba kinapoteza ubaridi, fundi wangu anaongeza gesi, nalipa. Anasema gesi inaisha kwa kutumika. Safari hii anataka kuongeza gesi nyingine ya bei nafuu juu ya iliyomo. Nikubali?
Mama Samaki, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali. Na hilo la gesi kuisha kwa kutumika si kweli. Gesi inazunguka tu: inakuwa majimaji kwenye kondensa (koili ya nje inayotoa joto), inageuka mvuke kule ndani kwenye samaki, inarudi kwenye kompresa, yaani pampu inayoisukuma. Ikipungua, imevuja. Pengine miezi yote hii umelipia tundu lile lile.

Muulize ameongeza gramu ngapi. Mafundi wengi huchaji kwa kutazama geji ya presha na kushika bomba, mtungi haupandi mizani hata mara moja, basi hakuna anayejua kilichoingia. Nunua daftari, kila mashine iwe na ukurasa wake: aina ya gesi, uzito wake mashine ikijaa, tarehe, kilichotolewa, kilichoongezwa, palipovuja. Friza zina kibandiko cha kiwandani kinachotaja gesi na uzito wake. Chumba kilichofungwa hapo hapo dukani mara nyingi hakina, kwa hiyo siku kitakapochajiwa upya kwa mizani, andika uzito huo kwa rangi ya mafuta kwenye mashine yenyewe.

Tuseme chumba kinabeba kilo 4 za R404A, aina mojawapo ya gesi ya ubaridi, na daftari linaonyesha gramu 600 mara tatu kwa mwaka. Hizo ni kilo 1.8, karibu nusu ya gesi yote. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo 1 ya R404A hupasha dunia joto kama kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo umeachia hewani sawa na tani 7. Inaniuma sana, maana chanzo mara nyingi ni nati iliyolegea tu au bomba lililoliwa na chumvi, na ninyi mnakaa pwani.

Fundi atafute tundu kwanza penye alama ya mafuta yanayotoka pamoja na gesi, kisha apake povu la sabuni. Akitaka kupima kwa presha atumie naitrojeni kavu. Oksijeni kamwe! Ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Kuhusu kuchanganya: R404A yenyewe tayari ni mchanganyiko wa gesi tatu. Ukiongeza nyingine juu yake, presha haitalingana na jedwali lolote, na gesi hiyo haitafaa kutumika tena. Kama iliyomo ni R22, aina nyingine ya gesi ya ubaridi, itunze zaidi. Chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinaiondoa ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. R404A nayo imo kwenye Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongezwa kwenye mkataba huo ili kupunguza gesi zinazopasha dunia joto.

Akihitaji kufungua mfumo, gesi aivute kwa mashine hadi kwenye mtungi wa kukusanyia, asijaze zaidi ya asilimia 80, aipime, nawe uandike. Akikataa kupima, mama, tafuta fundi mwingine.