Kabla Hujapeleka Shairi Lako Studio

Mdogo wangu unayeanza kughani juu ya rege, kabla hujalipia hata saa moja ya studio, tafuta Forces of Victory, albamu ya mwaka 1979 ya Linton Kwesi Johnson, mshairi wa London mzaliwa wa Jamaika anayeghani juu ya rege. Isikilize mara tatu bila kushika kalamu. Mara ya kwanza fuata maneno, ya pili fuata besi peke yake, ya tatu sikiliza pale anaponyamaza.

Mimi sikufanya hivyo. Niliingia studio na tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya beti 12, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, vina vimekaa sawasawa, nikaamini kazi imekwisha. Muziki ulipoanza nikawa nakimbizana nao, pumzi inakata kila baada ya mshororo. Produsa akazima, akaniuliza taratibu, "Sasa kaka, besi ipite wapi?" Sikuwa na jibu.

Rege ya taratibu ukiihesabu moja, mbili, tatu, nne, mara nyingi ngoma kubwa inadondoka kwenye tatu. Ukijaza maneno kila mahali, lile pigo linafunikwa. Kwa bahati ushairi wetu una kituo tayari: mizani 8, unapumua, mizani 8. Hapo katikati pana nafasi ya besi kusema. Kaa chumbani, piga meza kwa kiganja, ghani hadi shairi litembee lenyewe bila ala yoyote. Johnson si mpiga ala. Muziki wake ulisimamiwa na Dennis Bovell na wenzake. Lakini alikuwa akiandika huku besi inapiga kichwani mwake, ndiyo maana bendi ilipokuja ilikuta njia imeshafyekwa.

La pili ndilo lililonichukua miaka. Katika albamu hiyo kuna shairi linaloitwa "Sonny's Lettah". Ni barua. Kijana yuko gereza la Brixton, London, anamwandikia mama yake. Anaanza na anwani, kisha salamu, kama barua yoyote ya nyumbani. Halafu anamweleza: alikuwa amesimama na mdogo wake Jim wakingoja basi jioni, watu wanatoka kazini, gari la polisi likasimama, askari watatu wakashuka na virungu. Wanamshika Jim, wanampiga. Sonny anashindwa kuvumilia, anaingilia, na askari mmoja anakufa. Anamwomba mama asivunjike moyo.

Shairi hilo lilikuwa linapinga sheria ya mwaka 1824 iliyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu, na waliokuwa wakiandamwa nayo ni vijana weusi. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1981. Tafuta humo hotuba juu ya sheria hiyo, huipati. Kuna mama, kituo cha basi, na mapigo yanayotajwa moja moja: tumboni, mgongoni, mbavuni. Kila ninapoisikiliza nafsi yangu inamwona yule mama amekaa na karatasi mkononi.

Nilirudi kwenye shairi langu. Lilianza hivi:

Dhuluma zimekithiri, wanyonge twanyanyasika.

Mizani ni sahihi, lakini hakuna mtu humo ndani. Nililolishuhudia mimi ni mgambo asubuhi kituoni, na mama mmoja anayeuza bagia. Nikaandika:

Karai wamelimwaga, bagia zi mchangani.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kunifuata baada ya kughani, kila mmoja na karai lake.

Ukitaja jina la mtu au tukio, hakikisha kwanza. Johnson alimtaja Blair Peach, mwalimu aliyeuawa kwenye maandamano ya Southall mwezi Aprili 1979, na shairi likatoka kwenye albamu yake Bass Culture mwaka uliofuata. Hasira yake ilisimama juu ya jambo lililotokea kweli. Uvumi wa kijiweni usiupeleke kwenye maiki.

Na tafadhali, acha kuigiza Kijamaika. Johnson aliondoka Jamaika akiwa na miaka 11, akaandika kwa lugha ya Wajamaika wa London na tahajia inayofuata midomo yao, wakati wengi waliona lugha hiyo haifai kitabuni. Kumfuata yeye ni kughani kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, kiwe cha Tandale, cha Kisauni au cha Bukavu. Ukisema "Babiloni", jina la Marasta kwa polisi na watawala dhalimu, na bibi yako haelewi unamsema nani, umempoteza msikilizaji wa kwanza.

Mkishamaliza kurekodi, mwombe produsa toleo la dabu: atoe sauti yako, abakishe ngoma na besi, arushe mwangwi hapa na pale. Johnson na Bovell walitoa albamu nzima ya namna hiyo mwaka 1980. Lako lisikilize usiku, peke yako. Mahali ambapo huoni pengo la sauti yako, huenda maneno hayo hayakuhitajika. Yakate, kisha rudi ukaghani upya.