Klabu ya vijana mtaani: angalia saa zake kabla ya jezi

Wazazi wengi wakinifuata kuulizia klabu ya vijana ya mtaa wetu, swali la kwanza huwa ni hilohilo, "hiyo timu yenu inacheza ligi gani?" Naelewa bwana, Mwanza ni mji wa mpira, na tangu Pamba Jiji warudi ligi kuu 2024 kila mtoto wa Mabatini na Igoma anajiona keshasajiliwa. Ila kwa mzazi ambaye anatoka gizani na kurudi gizani hilo swali liweke pembeni kwanza. Uliza klabu inafunguliwa saa ngapi, inafungwa saa ngapi, na nani anabaki na watoto mpaka wa mwisho aondoke. Mengine yanafuata. Nasema hivi kama mama wa watoto watatu, wakubwa wawili wamepita kwenye hiyo klabu na wa mwisho bado yupo, na mimi mwenyewe sasa hivi niko kwenye kamati ya wazazi kwahiyo mambo ya ndani nayajua, mazuri na ya kuudhi.

Nauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba. Anayeijua Mwaloni anajua ile kazi haina saa za ofisi, boti zinatoka huko visiwani Ukerewe, Ukara, na kwingine, ukichelewa kufika alfajiri unakuta mzigo mzuri umeshachukuliwa na wenye mitaji yao, wewe unabaki na dagaa wa kuchambua mchanga. Afu dagaa wenyewe wanafuata mwezi, kukiwa na mbalamwezi kali zile taa za wavuvi hazivuti kitu, giza likirudi ndo kazi inarudi kwa fujo, na wiki hizo mama unaweza usiuone uso wa mwanao mchana hata mara moja. Baba yao ana bajaji ya mtu, hesabu ya tajiri haijui kama mtoto anaumwa au yupo likizo. Jirani yangu yuko kiwanda cha minofu ya sangara anaingia kwa zamu, mwingine ni mama lishe, yaani ukipita mtaani kwetu saa tisa mchana watu wazima utakaowakuta ni mabibi na fundi cherehani mmoja.

Sasa weka na ratiba ya shule hapo. Shule nyingi za msingi za mjini watoto ni wengi kuliko madarasa, na elimu bila malipo ilipoanza 2016 ndo wakaongezeka kabisa, kwahiyo kuna sehemu wanasoma kwa zamu, hawa asubuhi hawa mchana. Wa zamu ya asubuhi saa saba yuko nyumbani. Mimi saa moja jioni ndo nashuka daladala. Hayo masaa ya katikati ndo habari yote ya makala hii.

Maana mtoto hakai tu ndani hata ukimfungia geti. Kuna vibanda umiza vya kuonyesha video, kuna gemu za kulipia, kuna zile mashine za dubwi ambazo zinakula sarafu na watoto wanajua kuzicheza kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha, na sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari lakini pitia uone nani anamfukuza. Na kwetu huku kuna ziwa. Jua la saa nane, hamna mtu mzima, mtoto ataenda kuoga ziwani tu, ni lazima. Na ziwani kuna kichocho, wale vijidudu wanatoka kwenye konokono wa majini wanapenya ngozi, mtoto anapewa dawa shuleni leo, kesho karudi kwenye maji yaleyale, kazi inaanza upya. Hapo sijaongelea kuzama. Kila mtaa wa ufukweni una mama ambaye ukimtajia habari ya watoto kwenda ziwani ananyamaza.

Klabu yetu haina jengo. Tunatumia madarasa mawili ya shule ya msingi baada ya vipindi kwa barua ya ruhusa ya mwalimu mkuu na serikali ya mtaa inajua, na uwanja wa shule. Inafunguliwa saa nane mpaka saa kumi na mbili na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi asubuhi. Hiyo saa moja na nusu ya mwisho tuliigombania sana kwenye kikao, kocha alitaka watoto waondoke saa kumi na moja kama mazoezi yakiisha, akina mama wa sokoni tukasema hapana, mtoto anayeondoka saa kumi na moja anafika nyumbani hamna mtu, sasa umetusaidia nini. Ikakubalika wabaki wanacheza drafti, bao, wengine wanafua jezi, ilimradi kuna mtu mzima. Nikuambie ukweli, kwa mzazi wa Mwaloni ile saa moja na nusu ina thamani kuliko kombe.

Wakifika wanaanza na homuweki. Hakuna mpira bila homuweki, hii ipo tangu mwanzo na watoto wameizoea, wale wa sekondari wanawaelekeza wadogo na hata hao wakubwa inawasaidia maana huwezi kumfundisha mtoto hesabu za sehemu kama na wewe huzielewi. Kabla ya hapo nilikuwa nalipia tuisheni ya mtaani na mtoto alikuwa anakariri tu. Homuweki ikiisha ni uji kama unga upo, halafu mpira, netiboli, ngoma. Ngoma ndo ilinishangaza. Kuna mzee mmoja anawafundisha Bugobogobo ile ya kurusha majembe, watoto waliozaliwa mjini hata Kisukuma hawajui lakini majembe wanayarusha balaa, na walipelekwa Bujora pale Kisesa kuona makumbusho ya Wasukuma wakarudi wanabishana nani Mgika nani Mgalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, kama vile Simba na Yanga. Kuna wazazi walilalamika kwamba mambo ya ngoma ni ya kishamba. Wacha walalamike. Babu zetu huku walikuwa na vikundi vya vijana vyenye kiongozi wao, nsumba ntale, waliokuwa wanalima pamoja na kusaidia kaya zenye shida, kwahiyo anayedhani klabu ya vijana imeletwa na mradi wa wafadhili aulize wazee.

Wasichana waongelewe peke yao. Klabu nyingi ukizichunguza ni klabu za wavulana, wasichana wako wawili watatu wanakaa pembeni kushangilia. Wangu alikataa kwenda kipindi fulani, kuuliza sana nikaja kujua sababu ni choo. Choo cha shule hakifungi kwa ndani. Tukachangishana bawaba na maji, akarudi, wakarudi na wenzake. Pia lazima awepo dada au mama mtu mzima, sio kocha mwanaume peke yake, na wakimaliza wanaondoka kwa makundi ya njia moja, wa mlimani pamoja, wa barabarani pamoja. Bodaboda wa kumpa msichana lifti ya bure jioni huyo hatumtaki na tumewaambia hivyo kijiweni kwao, wakanuna wiki mbili hivi wakaelewa.

Kingine ambacho watu hawakiwazi ni yale mapengo marefu. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba, wa kidato cha tano wanaingia Julai. Hesabu mwenyewe. Kijana wa miaka 17 kakaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka anasubiri, kwanza anasubiri matokeo halafu anasubiri kupangiwa, na katika kusubiri huko ndo anajifunza mikeka ya kubeti, bangi, na marafiki ambao hawana cha kusubiri. Mwanangu wa kwanza kipindi kile klabu ilimpa kazi ya kusimamia homuweki za wadogo na kushika daftari la mahudhurio, hakulipwa zaidi ya nauli na chakula, lakini asubuhi alikuwa anaamka ana mahali pa kwenda. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kwenda kidato cha tano, hakuvunjika moyo sana kwa sababu kocha alishamtembeza chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato akaona vijana wanachomelea na kufunga umeme. Leo anafanya umeme wa majumbani. Ningesema mimi angenisikiliza? Thubutu. Umri ule mzazi ni kelele, anasikilizwa mtu wa nje.

Kwa upande wa hela iko hivi. Tunachangia elfu mbili kwa mwezi kwa mtoto, asiye nayo analeta unga au sukari au anakuja kufagia Jumamosi. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nafunga meza mapema ili niwahi watoto, na kufunga mapema Mwaloni maana yake kuuza kwa bei ya kutupa, mtaji unapungua, unaenda kwenye mikopo ya kausha damu, unarejesha kila siku, na hapo ndo unajikuta unatafuta hela mpaka usiku na watoto umewaacha vilevile. Sisemi klabu imetajirisha mtu. Nasema imenipa masaa ya kufanya kazi kichwa kikiwa kimetulia. Na grupu la WhatsApp la wazazi limezaa kikoba, akina mama 20 na kidogo, hilo hatukulipanga.

Vijana wakishafika 18 na kuendelea klabu inaweza kuwapeleka mbali zaidi kama wamejipanga. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Mkopo wa vijana unaenda kwa kikundi chenye usajili, katiba na akaunti ya benki, sio kwa mtu mmojammoja, sasa vijana waliokua pamoja kwenye klabu tayari wanajuana nani mwaminifu nani mdokozi, tofauti na vile vikundi vya kuokotana siku ya kujaza fomu ambavyo hela ikiingia tu simu zinazimwa. Waanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wamwendee mapema wakiwa na wazo la biashara linaloeleweka, na wawe wameshaweka akiba yao wenyewe hata kidogo.

Sasa upande wa kuwa makini. Usimpeleke mtoto kisa umeona jezi nzuri na tisheti za mfadhili. Nenda siku ambayo hujaaga, kaa pembeni angalia. Je mtu mzima yupo mmoja au zaidi? Mimi sikubali klabu ambayo mwalimu anaweza kubaki na mtoto peke yake chumbani, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Wanajulikana serikali ya mtaa? Mtoto akisafirishwa kwenda mechi Sengerema au Magu nani anasaini, nani anaenda naye, analala wapi? Na mwambie mwanao kwamba hamna siri kati yake na kocha. Namba ya 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure, ifundishe hata kwa wadogo. Halafu kuna hawa wanaojiita maskauti wa vipaji, alitokea mmoja mtaani kwetu anataka laki moja na nusu kila mtoto awapeleke majaribio Dar, risiti hana, barua hana, klabu anayoitaja ukipiga simu haimjui. Wazazi wawili walishauza magunia. Mtoto mwenye kipaji anayetakiwa kweli halipi ili atazamwe.

Shida kubwa ya klabu zetu lakini sio matapeli, ni kumtegemea mtu mmoja. Kocha kijana, ana moyo, anafanya bure, miaka miwili mitatu anapata kazi Geita mgodini au anaoa, klabu inakufa kesho yake na ufunguo kaondoka nao. Kwahiyo kama mnaanzisha mtaani kwenu mpeni kocha posho hata kama ndogo, iandikwe, na awepo msaidizi anayejua kila kitu, na wazazi wapangiane zamu. Zamu yangu ni Jumamosi kwa sababu siku za wiki siwezi, fundi cherehani yule niliyemtaja anachukua Jumanne na Alhamisi, anakuja na kazi yake ya mkono anashona vifungo huku anawatazama. Wale wazazi wasiojitokeza kabisa tunawapigia, sio kwa kugombana, unakuta mwingine anadhani anahitajika mtu aliyesoma.

Na likizo ya Desemba ipangeni mapema. Shule inafungwa, mlinzi anasafiri, mwalimu mkuu hapokei simu, watoto ndo wako nyumbani kutwa nzima na ninyi kazini ndo msimu. Barua ya kuomba darasa la likizo ifike ofisini kwake mwezi wa kumi, muitaje ndani yake nani atashika ufunguo na nani atafanya usafi, na nakala muipeleke kwa mtendaji wa mtaa igongwe muhuri.