Miwaridi yenye madoa meusi: samadi isubiri

Pole, dada. Umesema miwaridi yako hapo Nakuru imepata madoa meusi tangu mvua ya Aprili ianze, majani ya chini yanageuka manjano na kuanguka, na unataka kuiwekea samadi. Subiri kwanza. Hiyo si njaa, ni ugonjwa wa ukungu (kuvu). Mbegu zake huota jani likikaa na maji kwa saa saba hivi, ndiyo maana mvua za jioni huuchochea sana.

Okota majani yote yaliyoanguka uyachome. Kisha pogoa matawi yanayosuguana katikati ili upepo upite: kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (kifundo ambapo chipukizi hutokea) linalotazama nje. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka, na uozo utashuka hadi shinani. Pangusa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Samadi weka machipukizi yakitoka, iliyooza kabisa, lita 5 kwa mti, sentimita 10 mbali na shina. Mbichi huunguza mizizi.

Dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) huzuia madoa mapya tu, haiponyi jani lililougua. Fuata kipimo cha lebo, vaa glavu. Matawi yakikauka kuanzia nchani, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi tawi moja alikague.