Jibu: Je, kaunti hulazimika kumlipia matibabu mkazi asiye na uwezo?

Umeuliza, ndugu yetu, kama kaunti za Texas hulazimika kumlipia matibabu mkazi asiye na uwezo, au hufanya hivyo kwa hisani tu. Ni wajibu wa kisheria, ila ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kwa sheria ya mwaka 1985, mahali ambapo hakuna hospitali ya umma wala wilaya ya hospitali inayotoza kodi yake yenyewe, kaunti ndiyo inayobeba mzigo huo, na hairuhusiwi kuweka kikomo cha kipato kilicho chini ya asilimia 21 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa maoni yangu kikomo hicho ni cha chini mno, kwa kuwa hata mwenye kibarua cha siku mbili tatu kwa wiki anaweza kukivuka na kukosa huduma.

Mwombaji huwasilisha uthibitisho wa makazi, kipato na mali, na kaunti hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 14 tangu maombi yakamilike. Hivyo, hati moja ya mshahara ikikosekana, siku hizo hazianzi kuhesabiwa. Akikubaliwa, hulipiwa hadi dola 30,000 kwa mwaka au siku 30 za kulazwa, lolote litakalotangulia. Penye bima au Medicaid, yaani mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu watu wa kipato cha chini, hiyo hulipa kwanza. Akikataliwa, ana haki ya kukata rufaa, na ni vyema adai sababu kwa maandishi.