Barakoa ya kitambaa haitoshi kiwandani

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba wafanyakazi wa kiwanda kidogo cha sabuni na dawa za kusafishia vyoo, hapo Unga Limited, Arusha, wamepewa barakoa za kitambaa, na unauliza kama mwajiri ametimiza wajibu wake. Hajatimiza, kwa sababu kitambaa hakizuii gesi wala mvuke wa kemikali.

Linalonitia hofu zaidi ni hilo ulilolitaja pia, la kiwanda kuweka tindikali na dawa yenye klorini katika stoo moja, kwani vimiminika hivyo vikivuja na kuchanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu na inaweza kuua. Vitenganishwe leo, bila kusubiri mkaguzi. Kostiki soda, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, nayo humwagwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji juu yake, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Ndiyo maana bomba la kuoshea macho linapaswa kuwa hatua chache tu kutoka kwenye pipa la kuchanganyia, na aliyerukiwa aoshwe kwa maji mengi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kukimbizwa hospitalini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri pia awapime afya wafanyakazi. Akikataa, pelekeni malalamiko OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wana mamlaka ya kukagua kiwanda.