Ukihamia Python, usiizike PHP yako siku hiyo hiyo

Vijana wengi huku Mbeya tulianza kuandika programu kwa lugha ya PHP, maana ndiyo hosting ya bei chee ilikuwa inakubali, sasa kila mtu anahamia lugha ya Python na swali ninaloulizwa ni lile lile, kaka je, niandike upya kila kitu? Hapana. Labda kama hakuna mteja anayekusubiri.

Mimi nina mfumo wa kununulia parachichi kule Tukuyu. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, gredi inaandikwa, stakabadhi inatoka, vyote PHP na databesi ya MySQL. Nilipotaka ripoti za msimu zenye mahesabu mazito nikaona Python inanifaa zaidi, ila ile sehemu ya stakabadhi inapiga kazi na karani kashaizoea, sasa niivunje ya nini? Nikaiacha hapo hapo. Python inasoma databesi ile ile, na ikihitaji hesabu ambayo PHP inaijua tayari inaiuliza kwa HTTP, kama browser inavyoomba ukurasa, na kujibiwa kwa JSON, maandishi ambayo lugha zote mbili zinayasoma, basi, databesi ndio soko lao la Mwanjelwa, kila mtu anakuja na kilugha chake na biashara inaenda. Sharti moja tu, kila jedwali liwe na upande mmoja wa kuandika, mwingine usome tu, la sivyo mtatafutana usiku.

Kazi yenyewe ipo kwenye data bwana. Chukua namba ya kitambulisho cha NIDA, ina tarakimu 20. Python itaimeza kama namba bila kulalamika, lakini haienei kwenye inteja (namba nzima) ya biti 64, kwa hiyo PHP inaigeuza desimali na tarakimu za mwisho zinapotea, JavaScript ya kwenye browser nayo inaanza kukosea ukishavuka 9007199254740992, na Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inakuwekea sifuri. Hakuna eror yoyote inayotokea, ndio ubaya wake, unakuja kushtuka wakulima wawili wana namba moja. Ihifadhi kama maandishi. Namba ya simu vile vile, ukiiita namba ile sifuri ya mbele inaondoka. Hela weka shilingi kamili kwenye inteja, achana na desimali. Na muda, PHP inahesabu sekunde wakati JavaScript inahesabu milisekunde, mimi natunza UTC, saa ya kimataifa, halafu naongeza masaa matatu wakati wa kuonyesha tu.

Kwenye kodi sasa, yaani code ya programu, hata ukihamisha laini kwa laini na jina la fanksheni likawa lile lile usiamini. Mfano round, ile ya kukadiria namba iwe nzima. Mpe kilo 42.5, PHP inakupa 43, Python inakupa 42, kwa sababu Python ikikuta nusu kamili inaelekea kwenye namba shufwa. Mpe 43.5 zote zinakupa 44, kwa hiyo ukijaribu na namba moja unaona safi kabisa unaenda kulala. Hata baki la kugawanya, -7 % 3, PHP inasema -1, Python inasema 2. Kilo moja kwa mkulima mmoja sio kitu, ila msimu mzima mbele ya wanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, utajieleza wewe.

Ndio maana nikihamisha fanksheni natoa kwanza stakabadhi za msimu uliopita, nazipitisha kwenye kodi mpya, na majibu yalingane mpaka shilingi ya mwisho kabla sijagusa kingine. Stakabadhi za zamani ni test ambazo umeshapewa bure.

Na usione aibu kuacha kodi ya zamani inaishi. Hiyo NumPy, maktaba ya mahesabu ya Python mnayoisifia, mahesabu yake ya matriksi yanategemea LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani, na kutoka mwaka 1992, na hakuna anayelalamika. Ukitaka pa kuanzia anza na ripoti, zinasoma tu haziandiki, zikigoma karani anaendelea kupima parachichi zake kama kawaida.